Vijani kwenye dungusi: usikate, usipulize salfa

Swali: "Shikamoo mzee. Nakaa Mikindani. Mbele ya nyumba yangu kuna madungusi matatu marefu, yale yanayosimama kama nguzo, huu ni mwaka wa tatu tangu niyapande. Mvua zilipoanza Desemba yaliongezeka karibu shibiri moja, na kwenye hiyo sehemu mpya nimeona vijani vidogo, havifiki hata punje ya ufuta, kimoja chini ya kila fungu la miiba. Ngozi ya hapo ina unga wa rangi ya majivu. Shemeji yangu, mkulima wa korosho kule Tandahimba, anasema huo ni ubwiriunga, nipulize salfa aliyobakiza. Jirani anasema nikate ncha zote kabla mimea haijaharibika, ila dungusi lake mwenyewe lina majani marefu kama kidole na wala halimsumbui. Mimi nilijua dungusi halina majani. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Salfa mrudishie shemeji, ataitumia kwenye mikorosho yake msimu ukifika, na panga lirudi ndani. Madungusi yako hayaumwi. Yanakua, tena yanakua vizuri, na hayo uliyoyaona ni majani kweli. Watu wengi hukaa na dungusi mlangoni miaka kumi bila kuyaona.

Barua yako ina maneno machache yaliyonifanya niisome mara mbili: "kimoja chini ya kila fungu la miiba". Hukusema vimetapakaa, hukusema vimejaa upande mmoja. Ugonjwa haujipangi hivyo. Ugonjwa hushika pembeni, ukaruka mahali, ukarudi nyuma, ukaacha doa kubwa hapa na dogo pale. Kitu kinachokaa kwa hesabu, kimoja kwa kila fungu, safu kwa safu mpaka nchani, hicho ni kiungo cha mmea wenyewe.

Nenda kwenye mkorosho wowote, au mpera wa jirani, ushike kijiti kibichi. Tazama pale jani linaposhikana na kijiti. Kwenye ile kona, ambayo sisi tunaita kwapa la jani, utakuta kichipukizi kidogo kimejificha. Siku yake ikifika, hicho ndicho kitakuwa tawi au kitatoa maua. Mwembe uko hivyo, mbaazi ziko hivyo. Jani kwanza, kisha kichipukizi kwapani mwake.

Dungusi nalo linafuata utaratibu uleule, ila kichipukizi chake hakisubiri. Mara tu jani linapojitokeza kule nchani, kichipukizi cha kwapani huanza kazi, lakini badala ya kurefuka kuwa tawi kinabaki kifupi, kimejibana, hakiendi popote. Kile kidoa chenye manyoya laini ambacho miiba inatokea, wataalamu wa mimea hukiita arioli, ndilo tawi lenyewe lililofupishwa. Na miiba ni majani ya tawi hilo fupi, yaliyogeuka yakawa makavu na magumu. Umesikia mara nyingi kwamba miiba ya kaktasi, ukoo wa dungusi lako, ni majani yaliyobadilika. Ni kweli, lakini ni majani ya tawi dogo. Shina kubwa lina majani yake lenyewe, na hayo ndiyo uliyoyaona wewe. Ndiyo maana kijani kinakaa chini ya fungu la miiba kila mara: fungu limeota kwapani mwake.

Kwa hiyo mmea unaoambiwa hauna majani umeweka jani moja kwa kila fungu la miiba ulilonalo, toka chini kabisa ulipoanzia ulipokuwa kipande cha kupandwa. Ya chini yalikwisha kudondoka zamani. Chukua miwani ya kusomea ya mtu mzima, uisogeze kwenye fungu la chini: mara nyingine utaona alama ndogo sana mahali jani lilipokuwa.

Mtu atauliza, kama linadondoka baada ya wiki chache, linaota la nini? Mimi hulifananisha na kigingi cha fundi anayepima kiwanja. Kigingi hakibebi ukuta, na nyumba ikisimama hakionekani tena, lakini bila kigingi fundi hajui kona iko wapi. Jani ndilo linalopanga mahali kichipukizi kitakapokaa, na kitako chake hunenepa kikaungana na shina. Zile mbavu zilizosimama kwenye madungusi yako, zinazokunjuka mmea ukinywa maji na kujikunja ukiwa na kiu, kwa sehemu kubwa zimejengwa na vitako vya majani vilivyoungana kimoja juu ya kingine. Unapoitazama nguzo hiyo ya kijani unatazama majani mengi sana, ila umebaki upande wa chini tu wa kila moja.

Jambo hili halikuchukuliwa kwa uzito siku zote. Vitabu vingi viliandika tu kwamba kaktasi hawana majani. Mwaka 2007 mtaalamu wa mimea James Mauseth, wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alitoa utafiti wa zaidi ya spishi 100 za kaktasi waliohesabiwa kuwa hawana majani. Alikata ncha zao akazitazama kwa hadubini, na akayakuta majani. Mengine hayaonekani bila hadubini, machache yanafika milimita moja au mbili, yaani hapo kwenye ufuta wako. Mengine hata yana vishipa vya kupitisha maji ndani yake, jani kamili lililopungua kimo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa ukubwa zaidi, tafuta mpungate (kaktasi wa mashina bapa) unaotoa bapa jipya. Bapa changa huwa limejaa vijipembe laini vya kijani, kama vijipembe vya konokono. Hayo ndiyo majani yake, na kabla bapa halijakomaa yote yamepukutika. Katika ukoo huohuo wa kaktasi kuna Pereskia, kichaka chenye majani mapana ya kawaida kabisa. Asiyeona miiba yake hawezi kuamini kwamba ni ndugu wa mpungate. Na lile tunda la kaktasi mtambaazi linalouzwa mijini siku hizi, jekundu lenye magamba, pitaya: hayo magamba nayo ni ya jamii ya majani, kwa sababu ganda la tunda hilo ni shina lililolizunguka ua. Ukishalijua jani la kaktasi utaanza kulikuta kila mahali.

Sasa kwa nini limepungua kiasi hicho? Jani jembamba ni kitu cha gharama. Linapata jua vizuri, lakini linapoteza maji mchana kutwa. Kaktasi wamehamishia kazi ya kutengeneza chakula kwenye ngozi ya kijani ya shina, na wakabadilisha na saa za kazi. Vitundu vyao vya kupumulia hufunguka usiku, hewa ya kaboni inaingia na kuwekwa ndani kwa namna ya asidi. Kukicha vinafungwa, mmea unatumia ile akiba kwa mwanga wa jua bila kupoteza maji. Ndiyo maana nyama ya kaktasi huwa na ukali mwingi zaidi alfajiri kuliko jioni. Mmea wa namna hii jani pana haulihitaji. Umebakiza mpango wa jani, na kitako chake.

Na kwa nini umeyaona mwaka huu? Kwa sababu ya mvua. Sisi huku kusini mwa Tanzania hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga. Msimu wetu ni mmoja, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, halafu kusi linaingia na kukausha. Wakati wa kusi dungusi linakua polepole mno, jani la chini linakwisha kudondoka kabla la juu halijatokeza, kwa hiyo huoni kitu. Mvua ikinyesha mfululizo, shina linakimbia, na majani ya wiki tano sita yanakutana yote kwa pamoja kwenye shibiri moja ya sehemu mpya. Jicho linayaona. Mizizi yako pia imekwisha kushika vizuri, mwaka wa kwanza na wa pili mmea wa kipande unajenga chini kwanza.

Nije kwenye unga, maana hapo shemeji yako ana haki ya kusikilizwa. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho, akiona vumbi la kijivu juu ya chipukizi changa, moyo wake unaruka. Ubwiriunga ni ukungu unaovamia majani machanga na maua ya mkorosho, na mwaka usipopuliza unaweza kukosa mavuno ya maana. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wameuhangaikia kwa miaka mingi. Lakini ule ni ugonjwa wa mkorosho. Unga ulio kwenye dungusi lako ni nta. Madungusi ya aina ya Cereus, ambayo kwa maelezo yako ya nguzo na mafungu ya miiba naamini ndiyo uliyonayo, hutoa sehemu mpya ikiwa na rangi ya samawati yenye vumbi. Nta hiyo inarudisha jua na kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi changa. Pitisha kidole mahali pamoja, pamoja tu: nta itatoka na chini yake utakuta ngozi safi ya kijani, haina doa wala kovu. Ukungu wa ugonjwa ukiupangusa, mara nyingi chini yake unakuta ngozi imeshaharibika au imegeuka rangi. Usiifute nta yote, mmea hautaipaka tena mahali ilipofutika.

Ungepuliza salfa ingekuwa hasara. Salfa na joto kali havipatani. Kuanzia nyuzi 32 hivi inaweza kuunguza sehemu laini za mmea, na ngozi ya dungusi lililosimama kwenye jua la Januari huwa na joto kupita hewa. Mkorosho ukiungua majani, utatoa mengine. Dungusi haliwezi. Ngozi yake ndiyo jani lake la maisha yote, na kovu la leo utaliona mpaka mwanao akioa.

Sasa dungusi la jirani. Hapa nataka mwangalie wote wawili, kwa kuwa nadhani hamna mmea mmoja. Umesema lake lina majani marefu kama kidole. Hebu litazame vizuri. Ninavyohisi, shina lake lina pembe tatu, au nne, lina michirizi ya weupe katikati, miiba yake inakaa miwili miwili wala haitoki kwenye kidoa cha manyoya, na jani limesimama katikati ya ile miiba miwili. Ikiwa ni hivyo, lile si kaktasi hata kidogo. Ni yuforbia, pengine Euphorbia trigona, ambayo kawaida yake ni kubaki na majani msimu mzima wa mvua na kuyaangusha kiangazi.

Yuforbia na kaktasi wamefanana kama pomboo anavyofanana na papa. Ukiwa juu ya ngalawa ukaona pezi unaweza kuchanganya, lakini mmoja ananyonyesha mwanawe na mwingine ni samaki. Bahari imewapa umbo moja. Vivyo hivyo ukame ulizipa koo mbili tofauti umbo la nguzo yenye mbavu na miiba, kaktasi huko Amerika, yuforbia huku kwetu Afrika. Ile miti ya porini yenye matawi yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa, ambayo wageni wengi huipiga picha na kuandika "kaktasi wa Afrika", ni yuforbia. Kaktasi anayeota Afrika bila kuletwa na watu ni mmoja tu, Rhipsalis baccifera, naye ananing'inia juu ya miti msituni kama nyuzi za kijani. Hana umbo la nguzo.

Na mnyaa, mwanangu! Mnyaa wa uzio, ambao kila mtoto wa Mtwara na Lindi ameuvunja akaona maziwa, ni yuforbia vilevile. Tazama ncha za vijiti vyake wiki hizi: utaona vijani vyembamba, kama sentimita moja, na mwezi haupiti vimeanguka. Tumeishi na mmea wenye siri ileile uani kwetu tukasema hauna majani.

Kuna kipimo cha kuzitenganisha koo hizi, na kinachukua sekunde chache. Chukua sindano ya kushonea, uchome kidogo upande usioonekana. Likitoka tone jeupe kama maziwa, ni yuforbia. Likitoka maji maji yenye utelezi kama mlenda, au lisitoke kitu, ni kaktasi. Fanya kwenye lako, kisha kwenye la jirani, ukiwa umeomba ruhusa.

Uweke uso wako mbali unapofanya hivyo. Katika kazi yangu ya ubwana shamba niliwahi kufika nyumbani kwa watu wakati wanapunguza uzio wa mnyaa, kijana wao amejipangusa jasho kwa mkono ule ule alioshikia matawi. Maziwa yaliingia jichoni. Alikaa siku kadhaa haoni vizuri, na alipona kwa sababu mama yake alimmiminia maji safi kwa muda mrefu kabla ya kumpeleka hospitali. Utomvu wa yuforbia unaunguza jicho, usiufanyie mzaha. Ukiingia, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, usisugue, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepoa. Mwambie jirani habari hiyo mapema, hasa kama ana watoto wadogo, kabla hajashika panga lake.

Kuhusu kukata ncha, naomba nikueleze kosa nililolifanya mwenyewe. Nikiwa kijana, Lindi, nilionyeshwa safu ya madungusi kwenye lango la ofisi moja, yana vijani kama vyako. Sikuwa nimefundishwa jambo hili, na sikutaka kusema sijui. Niliagiza yakatwe ncha. Dungusi likikatwa kichwa, arioli zilizo karibu na jeraha zinaamka, yale matawi mafupi niliyokueleza, na kila moja inaweza kuwa tawi kubwa. Baada ya miaka miwili kila nguzo ilikuwa na vichwa vitatu vinne juu ya shina jembamba, na upepo wa kusi ulivunja mbili usiku mmoja. Yalikuwa yamesimama pale miaka mingi kabla yangu. Bado nikipita njia ile nalikumbuka lango lile.

Kwa hiyo acha. Kipindi hiki cha mvua usiyamwagilie kabisa. Mchanga wa Mikindani unapitisha maji, hilo ni bahati yako. Ukiwa na hofu yoyote, hofu yako iende chini, penye shina na udongo: pakilainika na kuwa kahawia na kutoa harufu, hapo ni kuoza, nijulishe upesi. Magamba makavu ya rangi ya udongo kwenye sehemu ya zamani ni uzee tu. Ncha ikianza kuwa nyembamba kama penseli na kupauka, inatafuta mwanga, ondoa kinachoifunika. Na ukiona vifundo vyeupe kama pamba vimejishika kwenye mbavu, hao ni wadudu waitwao vidung'ata au jamaa zao. Kamua kimoja kwa kijiti, uoshe waliobaki kwa brashi laini na maji ya sabuni jioni. Mbolea ya urea usiweke, itarefusha shina kuliko uwezo wake wa kusimama.

Likitokea tawi limevunjika, kwa upepo au mpira wa watoto, usilitupe ufukweni wala vichakani. Kipande cha kaktasi kinaota kikiwa kimelala chini hivihivi. Wafugaji wa Laikipia, Kenya, wanahangaika na mipungate iliyotapakaa kwenye malisho yao. Miiba inaumiza mifugo midomoni, na ardhi yenyewe haipitiki. Ilianza kama mimea ya uzio na ya mapambo. Kipande chako kiweke kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke liwe gumu, kisha ukipande kwenye mchanga mkavu umpe mtu anayekitaka. Kama hakuna, kikaushe juani mpaka kife kabisa ndipo ukitupe.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, fanya jambo moja. Tafuta uzi mwekundu, ufunge taratibu kwenye mwiba mmoja wa sehemu mpya, ambao jani lake bado ni bichi. Andika tarehe ukutani au kwenye simu. Kila Jumapili lipitie, uone linapokuwa manjano, linaponyauka, na siku utakapokuta halipo. Hesabu hiyo nitumie, pamoja na jibu la sindano kwa mimea yote miwili, yako na ya jirani.